Kiu ya Mtumbwi

Nasikia mwaloni mnasema Kwandu amenifukuza kazi. Wengine mnasema tuligombea patasi. Siku mliponiaga mlinipa mkeka na kanga mbili, mkasema, "Bibi Minza, tupe neno," nami nikasema asanteni nikakaa, kwa sababu mbele ya watu wengi ulimi wangu huwa mzito. Kuandika naweza, polepole. Nilisoma darasa la pili kwetu Shinyanga, na baadaye kisomo cha watu wazima, ingawa mwalimu wetu Bwana Sospeter alisema herufi zangu zimelala kama ng'ombe walioshiba. Basi nawaandikia ninyi mnaobaki na mitumbwi, mjue nilivyoanza, na mjue kwa nini nimeacha.

Nilifika huku upande wa Nkome miaka michache baada ya Uhuru. Mume wangu Lameck alikuwa amefuata dhahabu Geita, nami nikamfuata yeye. Mgodi ulipofungwa yeye akaendelea kuifuata dhahabu kwingine, mimi nikabaki na watoto watatu: Shija, Limi na Nkwabi. Dhahabu hakuipata, na mimi hakunipata tena. Nikawa nauza mihogo ya kuchemsha mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, karibu na karakana ya Mzee Kagoma.

Mzee Kagoma alikuwa Mzinza, mfupi, mtu wa maneno machache. Baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi ya zamani, ile ya kushona. Walitoboa mbao kwa chuma cha moto, tundu baada ya tundu kwenye mstari mmoja, wakazifunga kwa nyuzi za miti. Mzee alijifunza hivyo akiwa mdogo. Misumari ilipokuja akajifunza upya, na wakati nafika mimi, mitumbwi yote ya pale ilikuwa ya misumari, ile yenye kichwa kipana, aliyokuwa akiinunua kwa Bwana Ramji, Mhindi mwenye duka pale Kalangalala.

Siku moja mafundi wake wawili, Bulugu na Faustine, walikuwa wanaziba nyufa kati ya mbao kwa pamba. Mimi nimelelewa ndani ya pamba. Baba yangu alilima pamba mpaka mlangoni, tukawa tunapita upande upande kuingia nyumbani. Nilisimama na sinia langu la mihogo nikiwatazama, nikashindwa kunyamaza.

"Pamba hiyo imechumwa ikiwa na umande," nikasema.

Bulugu akanitazama. "Mama, sisi tunaomba mihogo."

"Mihogo mtapata. Lakini hiyo pamba ina maji tayari. Mkiipigilia sasa, ikikauka itasinyaa, na mtumbwi utavuja."

Faustine akacheka, akasema leo mihogo imeanza kufundisha watu kazi. Mzee Kagoma hakucheka. Alichukua tonge la ile pamba, akalibana shavuni, akakaa nalo hivyo kama mtu anayesikiliza. Kisha akaamuru waichomoe yote. Mimi akaniambia, "Kesho uje bila sinia."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Hakuna mtu aliyenipa barua.

Vifaa vyangu vilikuwa patasi butu, nyundo ya mti na kopo la lami. Patasi ya kuzibia haitakiwi kuwa kali, maana kazi yake ni kusukuma, haikati. Pamba unaisokota kwa paja mpaka iwe kama uzi mnene, unailaza kwenye ufa, unaigonga mara tatu, unasikiliza. Mlio wa kwanza ni wa pamba, wa pili ni wa pamba na mti, wa tatu ni wa mti peke yake. Hapo unaacha. Anayeendelea kugonga anafanya kazi ya kabari, na kabari hupasua. Mzee alinifundisha hilo kwa wiki nzima, na mkono wangu ukalijua. Mbele mtaona kwamba moyo haukulijua.

Mbao tulipenda mvule. Mzee alikwenda mwenyewe kuchagua gogo, na hakukubali ubao wenye ule mti mweupe wa nje hata ukiwa mwembamba kama kidole, kwa sababu ndiko kuoza kunakoanzia. Kwenye misumari alikuwa mkali zaidi. Pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi, alisema misumari itembee kama mtu, mguu huu, mguu huu, mmoja juu kidogo na mwingine chini kidogo. Ikifuatana kwenye mstari mmoja, yote inaingia kwenye uzi mmoja wa mti, na siku ya wimbi ubao unafunguka kama ganda la kunde. Bulugu aliwahi kupanga misumari minne kwenye mstari. Mzee akamfanya aing'oe kwa meno ya nyundo huku sote tunatazama, kisha akamuuliza, "Ulikuwa unashona nguo?"

Pale karakanani kulikuwa na neno moja ambalo wageni hawakulielewa. Mtumbwi wa mtu hauambiwi mbovu. Mtumbwi mpya ukiingizwa majini huvuja siku ya kwanza na ya pili, mpaka mbao zinywe, zivimbe, zikazane. Kwa hiyo tunasema una kiu. Siku ya tatu unatakiwa uwe umekauka ndani. Usipokauka, basi hauna kiu, unaumwa. Hilo la pili halikuwahi kutamkwa juu ya mtumbwi wa Mzee Kagoma.

Wateja wetu wengine walikuwa wavuvi, lakini waliotupa kazi ya kufikiri ni wapima ramani. Walikuwa wanakwenda kwenye visiwa visivyo na watu na ile pwani ya mafunjo ambako hakuna njia ya miguu, wanakaa huko siku sita, siku nane, na mahema yao na vyombo vyao vya vioo. Mkubwa wao aliitwa Bwana Mapunda, mtu wa Songea, mpole, anayeogopa maji na asiyeficha. Walikuja mara ya kwanza na mpagazi wao Masanja, Msukuma wa Ngokolo aliyekuwa amechunga ng'ombe maisha yake yote. Mzee akawaonyesha mtumbwi mpya uliokuwa bado nchi kavu, akasema, "Ondokeni kesho kutwa. Huu bado una kiu."

Tulipogeuka kwenda kunywa uji, Masanja akachukua madebe mawili ya maji yaliyochemshwa kwa ajili ya safari akayamimina yote ndani ya mtumbwi. Tuliporudi amesimama pembeni ameridhika.

"Masanja, umefanya nini?" Bwana Mapunda akauliza.

"Mzee amesema una kiu. Kwetu mnyama akiwa na kiu hangoji kesho kutwa."

Mzee Kagoma akatazama ndani ya mtumbwi, akamtazama Masanja. "Umefanya vizuri, kijana wangu. Ila ziwa lilikuwa hapo nyuma yako."

Masanja aliacha upagazi akawa mpiga kafi wetu kwa karibu miaka ishirini. Kuogelea hakujifunza kamwe. Alisema akijua kuogelea ataanza kuzembea.

Ni safari hiyo iliyonipandisha mtumbwini. Mzee alikuwa na sheria moja, kwamba aliyeziba mtumbwi lazima aukalie safari yake ya kwanza, juu kabisa ya mahali alipoziba. Faustine akasema sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya wanawake. Mzee akamjibu kwamba maji nayo hayatachagua. Nikakaa. Nilikwenda siku sita na matako yangu juu ya kazi yangu, na nawaambia, hakuna kitu kinachomfundisha mtu kuziba vizuri kama hicho.

Kupiga kafi nilijifunzia huko. Kafi lako likitoka kwenye unyayo liishie kidevuni; likikupita urefu litakuchosha kabla ya jua kupanda. Nguvu itoke mgongoni, mikono inashika tu. Mkikaribia mafunjo gonga ubavu wa mtumbwi mara mbili, usubiri, kiboko ajue mnapita, kwa sababu kiboko hasumbuliwi na wageni, anasumbuliwa na wageni wasiobisha hodi. Mizigo mizito iwe katikati na chini, hema liingie mwisho, maana mkifika mvua inanyesha na hamtaki kupakua unga na sufuria mkilitafuta.

Baadaye Mzee akaniachia hata kuchagua. Kwa safari ya siku nyingi nilichukua mitumbwi miwili yenye tumbo pana ya kubeba, na mmoja mwembamba wa kutangulia kwenye mafunjo. Rangi sikuitazama. Nilipiga magoti, nikapitisha kiganja chini ya mkuku, nikainamisha pua ndani: harufu ya uchachu maana yake kuna maji yamefichwa mahali. Kiraka si aibu. Muulize mwenye mtumbwi kiraka kiliwekwa lini na kwa nini. Akianza kusifu rangi, ondoka. Nilikataa mitumbwi mingi na watu wengi walininunia, Bulugu akiwemo, ambaye aliniita Mama Hakimu mpaka alipohamia Katoro.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Miaka ya baada ya vita vya Kagera, petroli ikawa haipatikani, hata wenye mashine wakarudi kwenye makafi, na sisi tukapata kazi kuliko wakati wowote. Lakini Mzee Kagoma alikuwa amezeeka. Aliugua msimu mzima, na alipotoka kitandani macho yake yalikuwa na utando. Hakusema kwamba haoni. Alianza tu kushika kila kitu kwa dole gumba. Akatangaza kwamba atajenga mtumbwi peke yake, asisaidiwe, na jina lake litakuwa Bado Nipo. Watu wakafurahi. Mimi pia nilifurahi. Aliujenga miezi minne, na ulikuwa mzuri. Mkisimama mbali mlisema huu ni mkono wa kijana.

Nikaletewa kuziba. Nilipofika kwenye ubao wa kwanza, pale unapokutana na mkuku, nikapitisha kidole, nikakikuta kichwa cha msumari. Nikasogea, nikakuta kingine. Nikasogea tena. Misumari ilikuwa inafuatana kwenye mstari mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, imenyooka kama uzi. Ilikuwa na nafasi sawa kabisa kati yake, kazi safi sana. Nilikaa kitako nikaelewa. Macho yalipomwacha, mikono ilirudi kwa baba yake. Mzee alikuwa amepigilia misumari kwa mstari wa kushona. Na chini ya mstari ule mti ulikuwa umeanza kufunguka, ufa mwembamba unaoingia ukucha.

Mzee alikuwa amekaa hatua tano kutoka pale, anaongea na Masanja juu ya mafuta ya taa. Nilikuwa na kinywa, na nilikuwa na nafasi. Nikamtazama anavyotabasamu upande ambao Masanja hakuwepo, nikashindwa. Nikajiambia, nitaziba vizuri zaidi. Nikasokota pamba nene, nikagonga mara tatu, nikasikia mlio wa mti, nikagonga mara ya nne. Nikagonga mara ya tano. Nikafanya kazi ya kabari, mimi niliyefundishwa wiki nzima. Kisha nikapaka lami juu.

Siku ya tisa baada ya hapo tukauingiza majini. Bwana Mapunda alikuwa amefika na watu wake, sasa naye ana mvi, na safari ilikuwa ya siku nane, mbali kuliko zote tulizokwenda. Mzee alimwambia, "Utakwenda na Bado Nipo. Huo ndio utabeba vyombo vyako." Bwana Mapunda akashukuru kwa heshima yote.

Siku ya kwanza ulivuja. Una kiu. Siku ya pili ulivuja. Una kiu. Asubuhi ya siku ya tatu nilikwenda nikakuta maji yamefunika mataruma, zile mbavu za ndani, na Masanja anayachota kwa kopo. Watu wa safari walikuwa wameshapanga mizigo ufukweni. Mzee akaja akishika bega la Faustine, akaingiza mkono ndani ya mtumbwi, maji yakamfika kwenye kiwiko.

"Una kiu tu," akasema. "Mvule wa mwaka huu mkavu sana. Pakieni, utashiba njiani."

Hakuna aliyepakia. Faustine akatazama miguu yake. Bwana Mapunda akanitazama mimi, kwa sababu miaka yote mtumbwi wa kwenda ulitoka kwenye mdomo wangu. Masanja aliacha kuchota. Niliwaza watu sita katikati ya maji, Masanja asiyejua kuogelea, na ubao unaofunguka kama ganda la kunde.

"Mzee," nikasema, "hauna kiu. Unaumwa."

Aligeuza uso kutafuta sauti yangu. "Minza?"

"Ni mimi."

"Unaumwa wapi?"

"Kwenye mkuku. Misumari inafuatana."

Akapiga magoti ndani ya maji. Akapitisha dole gumba chini ya ubao, polepole, kutoka msumari hadi msumari, na midomo yake ikawa inahesabu. Alipofika katikati akasimama. Nadhani hapo ndipo alipoitambua kazi ya baba yake.

"Na huu ufa," akasema, "ni mpana kuliko misumari. Umeingizwa pamba nyingi."

"Ni mimi. Niliogopa."

"Uliona misumari ulipoziba?"

"Niliiona."

"Ni siku ngapi sasa?"

Nikahesabu, ingawa nilikuwa najua. "Siku kumi na mbili, Mzee."

Akainuka. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye suruali. Hakupandisha sauti. "Basi umeniacha nitembee uchi mbele za watu siku kumi na mbili, na wewe ulikuwa na nguo mkononi."

Hilo nimekaa nalo mpaka leo. Nilidhani namheshimu. Kumbe kama ningemwambia siku ile ile, tukiwa wawili karakanani, angeing'oa misumari, angepigilia upya, ubao ungepona, na Bado Nipo ungekwenda safari. Heshima yangu ndiyo iliyoupasua.

Safari haikuahirishwa. Nilichagua mtumbwi mwingine wa tumbo pana, wa Faustine, na wakaondoka saa nne. Walirudi wote siku ya tisa, Bwana Mapunda amekata kidole kwa kopo la samaki, basi.

Walipokwisha kuondoka Mzee akaniambia, "Sheria ni sheria. Aliyeziba anakalia." Nikadhani anatania. Akapanda mbele akadai kafi. Nikapanda nyuma yake, nikakaa juu ya pamba yangu na kopo mkononi. Tulikwenda kandokando ya ufukwe, mahali ambapo maji hayavuki kiuno, mpaka kwenye lile jiwe la kufulia na kurudi. Yeye alipiga kafi, mimi nilichota. Nilichota njia nzima bila kupumzika, na maji hayakushuka chini ya vifundo vya miguu. Alipiga kafi vizuri ajabu, mgongo wote. Tulipogusa mchanga akakaa kidogo.

"Kweli unaumwa," akasema. Kisha akasema, "Lakini unakwenda vizuri, siyo?"

"Unakwenda vizuri sana, Mzee."

"Hapo hunidanganyi?"

"Hapo sikudanganyi."

Hakujenga tena. Mbao za Bado Nipo tulizitengenezea benchi, hilo hilo mnalokalia mkinywa uji. Ukiinama chini yake utayaona matundu ya misumari yamepangana kwenye mstari mmoja. Lakini mpaka alipofariki, mtumbwi wowote uliojengwa pale ulipitia kwanza kwenye dole gumba lake, na mara mbili alikataa wa kwangu, maana wakati huo nami nilikuwa nimeanza kujenga. Mara ya pili alisema kwa sauti, watu wakasikia. Niliudhika siku nzima. Jioni nikamsalimia, "Shikamoo Mzee," akaitika marahaba, akaniuliza kama misumari nimeshaing'oa.

Sasa Kwandu. Mnamjua, binti wa Faustine, ndiye niliyemfundisha kuziba. Mwezi uliopita nilikuwa naziba mtumbwi wa watu wa misitu. Vidole vyangu vimekuwa na ganzi tangu masika, na masikio nayo siku hizi yananiletea habari zikiwa zimechelewa. Nilikuwa nagonga na sisikii mlio wa tatu, basi nikawa nahesabu tu: moja, mbili, tatu, nasogea. Sikumwambia mtu. Kwandu akapita na debe la lami, akasimama nyuma yangu. Bulugu alikuwepo, amekuja kututembelea kutoka Katoro, na wengine wenu mlikuwepo.

"Bibi," akasema, "hapa pamba imekaa juu juu. Hapa pia. Huu mtumbwi hautakuwa na kiu, utaumwa."

Bulugu akamkemea, eti huyo ni bibi yako, ungengoja amalize. Ninyi mkaona nimeweka patasi chini, nimenawa, nimekwenda nyumbani, na kesho yake sikurudi. Ndipo maneno yakaanza.

Hamkusikia nilichomuuliza kabla sijanawa, kwa sababu nilimuuliza taratibu. Nilimwambia, "Kwandu, umejua siku ngapi?"

Akashangaa. "Siku gani, Bibi? Nimeona sasa hivi."

Nikamwambia wabeja, asante ya kwetu, nikamwachia patasi.